Mangi, klabu siyo ukumbi wa sendofu

Sakina, Arusha
Jumapili jioni

Mangi wangu,

Salamu kutoka kwenye baridi. Mlima Meru umejifunika mawingu tangu wiki ianze na huku watu wanavaa makoti mpaka mchana. Wewe endelea kula joto lako la Moshi.

Nimefurahi mno kusikia umepewa Ijumaa na Jumamosi kwenye hiyo klabu. Picha ulizonitumia nimeziangalia zote, na nimezifungua kwenye kompyuta, siyo kwenye simu. Nakwambia ukweli, maana nisipokwambia mimi atakwambia mwenye klabu: ni kali, hazijatetema, nyuso zinaonekana, lakini ni picha za sendofu. Watu wameng'aa, nyuma yao giza tii. Mtu akiziona hawezi kujua kama pale palikuwa na taa, dijei na umati. Naelewa ulikotokea. Kwenye harusi kila shangazi anataka aonekane mpaka hereni. Klabu watu wanalipa kiingilio kwa ajili ya giza na taa zake, na hilo giza lazima liingie kwenye picha.

Shida ni spidi ya shata, yaani muda ambao mlango wa kamera unabaki wazi kupokea mwanga. Umepiga zote kwa 1/200 ya sekunde. Kwa spidi hiyo flashi inafanya kazi peke yake, taa za ukumbini hazipati muda wa kuingia. Shuka mpaka 1/15, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 800 au 1600, uwazi wa lenzi f/4. Najua utaogopa kutetema. Uso hautatetema, kwa sababu flashi huwaka kwa muda mfupi sana, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde, na huo muda ndio unaomgandisha mtu. Taa za nyuma ndizo zitakazovutika na kuacha michirizi, na hiyo michirizi ndiyo klabu yenyewe. Ila mtu wako asiwe chini ya taa kali, maana nayo itamchora na atatoka na macho manne.

Halafu ingia kwenye menyu, iweke flashi iwake mwishoni mwa shata badala ya mwanzoni. Mchezaji akirusha mkono, michirizi itaufuata mkono kwa nyuma. Ikiwaka mwanzoni, michirizi inamtangulia, anaonekana kama anarudi kinyumenyume.

Nguvu ya flashi panga mwenyewe. Kamera ikiona ukumbi mweusi inadhani kila kitu ni cheusi, inamwaga mwanga wote, na paji la uso lenye jasho linatoka jeupe kama sahani. Anza na 1/16 ya nguvu yake yote kisha uangalie ngozi, siyo nguo. Ngozi zetu zinapendeza mwanga ukiwa mdogo na ukitokea pembeni. Kuugeuzia darini usijisumbue. Dari za klabu nyingi zimepakwa rangi nyeusi na mwanga unapotelea hukohuko. Mimi nafunga kadi nyeupe ya mwaliko wa harusi kwa rababendi nyuma ya kichwa cha flashi, nakielekeza juu, basi. Kadi za mialiko hazijawahi kuniishia, na michango yake unaijua.

Kuhusu mistari myeusi uliyoniuliza, ile kwenye picha za dijei: lenzi yako ni nzima. Taa nyingi za LED zinawaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na shata ya kielektroniki inasoma picha mstari baada ya mstari, kwa hiyo inanasa kuwaka na kuzimika kwa zamu. Tumia shata ya kawaida, ile yenye mlio. Kelele zilizomo humo ndani, nani atausikia? Leza ndiyo ya kuogopa. Usiielekezee lenzi kabisa, inaweza kuunguza sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, papo hapo, na sensa ikiungua umeua kamera.

Taa nyekundu tupu ikimpiga mtu usoni, usihangaike kuirekebisha nyumbani, rangi nyingine hazimo. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe, au subiri taa ibadilike. Kusubiri kunalipa pia kwenye muziki. Amapiano wachezaji wana sehemu wanatulia kidogo kabla ya kushuka; hapo ndipo pa kupiga. Singeli haina kutulia, midundo 200 na zaidi kwa dakika, kwa hiyo acha shata iburuzike, ikae wazi kwa muda mrefu, na upige nyingi.

Sasa nikwambie jambo ambalo wapiga picha wengi wa huku wanalipuuza: watu wa nyuma. Unampiga binti anasherehekea kuzaliwa, amekubali, amepozi, anacheka. Kwenye kona ya picha kuna mzee wa watu ameshika kiuno ambacho siyo cha mkewe. Moshi ni mji mdogo, Mangi. Picha ikipanda Instagram saa nne asubuhi, saa sita inajulikana mpaka Machame. Mimi kabla ya kumkabidhi mwenye klabu napitia kila picha kwenye kona, na yenye wasiwasi naikata au naitupa. Hata sheria ipo, ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Meza za VIP usizisogelee bila kuuliza. Inua kamera, mtazame mtu, akitikisa kichwa nenda zako. Mabaunsa wasalimie kwa heshima kila usiku. Ndio watakaokusaidia siku mlevi akikudai ufute.

Malipo yako chukua nusu kabla ya kuanza, na mkubaliane ni picha ngapi na zinatoka lini. Hilo halina maelezo.

Siku ukija kupiga huku Arusha, acha kamera ndani ya begi kama robo saa ukishaingia ukumbini. Kutoka baridi ya nje kwenda kwenye jasho la watu, lenzi inapata ukungu, na ukiifuta unaongeza michirizi tu.

Flashi yangu ya zamani nitaipakia kwenye basi la kesho asubuhi, mzigo una jina lako na namba yako. Ukaichukue stendi kabla ya saa tano. Betri nne za AA nunua mwenyewe, na usinunue zile za kwenye meza za barabarani.

Chalii wako wa Sakina