Alamu haikulala, fundi aliilaza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika humu kwamba alamu ni hela ya bure. Anasema wezi waliingia kwake usiku, wakabeba televisheni mbili na mtungi wa gesi, na alamu haikutoa hata mlio. Akashauri watu wafuge mbwa. Sina ugomvi na mbwa, hata mimi ninaye. Ila mimi ni fundi umeme hapa Morogoro, nafunga alamu mwaka wa 14 huu, na nikisikia alamu imelala, huwa nataka kwanza kumjua aliyeilaza.

Mwezi uliopita niliitwa Kihonda, kwenye duka la jumla la mama mmoja anayeuza vitenge na mashuka. Kaibiwa marobota manne, wezi wamepita mlango wa nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Njoo uling'oe hili dude lenu."

Dude silo langu, sikulifunga mimi. Lakini kwa yule mama mafundi wote ni ukoo mmoja, na siku ile sikuwa na cha kumbishia.

Nikatazama kipedi, kile kibao cha namba kinachokaa ukutani. Taa ya kijani inawaka vizuri kabisa, maana yake milango yote imefungwa, mfumo uko tayari. Nikamwomba akaufungue mlango wa nyuma. Akaufungua hadi ukagonga ukuta. Nikawa nawaona kuku wa jirani wakiparua uani. Taa bado ya kijani.

Nikapanda darini. Waya zinazoshuka kwenye swichi ya sumaku ya ule mlango, ile inayojua mlango umefunguliwa au umefungwa, zilikuwa zimekatwa njiani, zikasokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi. Nilipomwonyesha, mama akakumbuka. Mwaka jana alamu ilikuwa ikilia ovyo usiku, majirani wakalalamika, akaitwa kijana mmoja. Kijana kapanda darini robo saa, kashuka, kelele zikakoma, kalipwa elfu ishirini na chai juu. Kumbe panya walitafuna waya, naye badala ya kuvuta mwingine akaunganisha ncha mbili na kuuacha mlango nje ya hesabu. Tangu siku hiyo boksi, yaani ubongo wa alamu zinakoishia waya zote, likawa linaambiwa mlango umefungwa, hata ungeng'olewa na bawaba zake.

Sasa hapa ndipo ninapotaka msomaji mwenzangu anisikilize. Ujanja wa yule kijana usingefanya kazi kama fundi wa kwanza angeweka rezista mahali pake. Rezista ni kidude kidogo kama punje ya mchele, kina vimistari vya rangi. Kwenye mfumo ule ni ya omu 5,600 (omu ni kipimo cha jinsi kinavyoubana umeme): kijani, buluu, nyekundu, na dhahabu mwishoni. Kazi yake ni kukaa mwisho kabisa wa waya, kule kule kwenye swichi ya mlango au ndani ya sensa, yaani kihisi. Boksi linapima njia muda wote. Likikuta omu 5,600 linajua waya ni mzima na mlango umefungwa. Waya ukikatika linaona omu zisizo na mwisho. Waya zikigusana katikati linaona sifuri. Vyote viwili halivikubali: kipedi kinakataa kuwa kijani, na kama alamu imeshawashwa, king'ora kinalia.

Nikafungua boksi. Rezista zote sita zimepangwa mle ndani, kwenye terminali, pale waya zinapokazwa kwa skrubu, zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Zikikaa pale, kila rezista inajishuhudia yenyewe. Huko mbele waya zisokotwe, zigongwe msumari, boksi litaendelea kusoma 5,600 na kuridhika. Na kwa nini fundi aliziweka pale? Kwa sababu kwenye boksi unasimama sakafuni, feni inakupuliza. Kuzifikisha mlangoni lazima upande chini ya bati, na bati la Morogoro mchana wa Februari mnalijua.

Kipedi chenyewe nacho kilikuwa na mambo yake. Kinakwenda na waya nne: nyekundu, nyeusi, njano na kijani. Nyekundu na nyeusi ndiyo chakula, volti 12; njano na kijani ni mazungumzo kati yake na boksi. Ukipishanisha ya mazungumzo, kipedi kitawaka lakini namba unazobonyeza hazifiki popote. Ukipishanisha ya chakula unaweza kukiunguza. Ndiyo maana kabla ya kushika bisibisi unazima umeme na unachomoa betri ya akiba iliyo ndani ya boksi. Hilo la betri wengi hulisahau, halafu wanashangaa cheche zimetoka wapi.

Hizi waya nne zilikuwa zimepitishwa paipu moja na waya wa umeme wa volti 230 unaokwenda kwenye soketi. Waya wa umeme ukichubuka humo ndani, kipedi unachokibonyeza kwa kidole kinaweza kupata umeme mkubwa. Nilizitoa zote, nikazipitisha kwenye trankingi, ile njia ya plastiki ya kufunikia waya, yake peke yake.

Nilikihamisha pia. Kilikuwa kimetazamana na kioo cha mbele, mpita njia anakiona, na vitufe vyake vya 1, 2, 3 na 4 vimefutika hadi vyeupe, vingine vipya kama vya dukani. Namba ya siri yenye tarakimu nne ina mipangilio 10,000. Ukishazijua ni zipi, na kila moja inatumika mara moja, inabaki 24. Kwa mama hata 24 hazikuhitajika, maana namba ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Betri sitaisema sana. Iliandikwa 2017 kwa kalamu ya wino mzito. Nilipozima umeme, kipedi hakikumaliza dakika mbili.

Kazi ya kufunga waya za umeme nyumbani inatakiwa ifanywe na fundi mwenye leseni. Leseni hiyo ninayo, ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, iko kwenye begi langu. Katika miaka yote 14, mteja wa alamu aliyewahi kuniuliza niitoe ni mmoja tu, na alikuwa askari mstaafu.

Tulimaliza saa kumi na moja jioni. Mama akawasha alamu kwa namba yake mpya huku ameniwekea mgongo nisiione (nilifurahi), akasubiri, kisha akaenda mwenyewe kufungua mlango wa nyuma. King'ora kililia hadi muuza chapati wa barazani akaangusha mwiko. Mama hakukizima. Alisimama pale mlangoni mikono kiunoni, akakiacha kilie kama dakika nzima.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu, kabla hujauza hiyo alamu, mwite aliyeifunga, mwambie afungue boksi mbele yako. Ukiona vipunje vya rangi vimejipanga mle ndani, mpe ngazi apande darini, na usimlipe tena. Kisha fungua milango mmoja mmoja, na madirisha, wewe mwenyewe, yeye akiwa amekaa anasubiri.

Fundi umeme,
Morogoro
(Jina na namba ya simu nimemwachia mhariri)