Barua kwa mwanangu: hiyo namba 7 yako

Mwanangu,

Jana ulipokata simu sikulala. Umeniambia wenzako wote wana stiki 14 za gofu kwenye begi, mpya mpya, na wewe uko na tano za kuokoteza na ile chuma namba 7, ile stiki ya kichwa cha chuma, ambayo gripu nimeifunga na tepu. Nilikosa la kusema, sasa niko hapa chai imepoa, acha tu nikuandikie.

Kulikuwa na mcheza gofu Mhispania anaitwa Seve Ballesteros. Sisi makedi wa Nairobi, wabeba begi za wachezaji, tunamwongelea sana juu alishinda mashindano ya Kenya Open 1978, kabla hajachukua yale makubwa ya dunia. Alizaliwa 1957 Pedreña, kijiji cha baharini huko Uhispania, na alikuwa kedi kama mimi, anabeba begi la mtu lakini kucheza uwanjani haruhusiwi. Kaka yake akampa chuma namba 3 kuukuu. Hiyo moja tu! Basi anaenda nayo ufuoni anapiga kwa mchanga, anapiga juu, anapiga chini, anaupinda mpira ukate kushoto ukate kulia, na usiku mwezi ukiwaka anaingia uwanjani kimya kimya. Sasa fikiria mwanangu, mtu amezoea kutoa mpira mchangani na namba 3, siku anapewa weji ya kweli, stiki yenyewe ya kazi hiyo, itakuwaje?

Akaanza gofu ya kulipwa na miaka 16. Katika yale makubwa, The Open alishinda mara 3, Masters mara 2, na Ulaya hakuna mtu amefikisha mataji yake 50.

Lakini ile The Open ya 1979 ndiyo naipenda. Royal Lytham, Uingereza, siku ya mwisho, shimo la 16, mpira ukaenda kando kabisa ukalala katikati ya magari yameegeshwa. Magari, mwanangu! Hakushika kichwa. Akaruhusiwa kuangusha mpira pembeni, akapiga mpaka griini, pale penye shimo, akatumbukiza, pigo moja pungufu ya hesabu ya shimo hilo, na mwisho wa mashindano akawa amemwacha bingwa Mmarekani Jack Nicklaus kwa mapigo 3. Alikuwa na miaka 22.

Na wewe Jumanne nilikuona. Hukujua nakuona. Mpira ulikuwa umekwama kwa mzizi wa jakaranda, nyasi ya kikuyu imejaa umande, huna pa kusimama, ukageuza hiyo namba 7 ukapiga kwa ncha, kwa mkono wa kushoto, mpira ukatoka polepole ukasimama katikati ya fewei, ile njia ya nyasi fupi. Nani alikufunza hiyo? Si mimi. Nilikuwa nimebeba begi la mtu singeweza kupiga makofi, lakini mikono ilinitetemeka na mwenye begi akaniuliza kama naumwa.

Weji tutanunua, ya mtumba, nimeshaongea na jamaa na nimebakisha kidogo tu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikute getini. Lile begi acha kwa shosho, kuja na namba 7 peke yake na mipira mitatu.

Baba yako