Mwanangu, wajue waliojenga huo mji

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi hatujambo. Baba yako amepata nafuu, wadogo zako wamerudi shule, na bibi yako kila siku anauliza kama huko unapata chakula cha maana.

Ujumbe wako wa sauti umenifurahisha. Umesema umepanda treni Guangzhou, huko China unakosoma, asubuhi na jua halijazama ukawa uko Beijing, karibu kilomita 2,300, bila chai kumwagika kikombeni. Halafu ukaniuliza: "Mama, hawa wenzetu wameweza. Sisi tunakwama wapi?" Sikutaka kukujibu kwa simu. Jibu la haraka nalijua, nalisikia kila siku hapa dukani kwangu Kariakoo: Wachina wana nidhamu, wanachapa kazi, na chama chao hakibishiwi. Ukweli umo ndani yake. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa, na mimi nataka uwajue waundaji. Riziki ya nyumba hii imetoka kwenye viwanda vya huko tangu hujazaliwa, ndiyo maana nimejitahidi kusoma habari za watu wanaofanya kazi ndani yake.

Anzia mwaka 1958. Serikali ya Mao Zedong ilipitisha sheria ya kuandikisha kila kaya, mfumo unaoitwa hukou. Kila mtu aliandikwa mahali pake, akawekwa kwenye fungu la wakulima au la wasio wakulima, na mtoto akarithi fungu la mama yake. Aliyeandikwa mjini alipata mgao wa nafaka, nyumba ya kazini, matibabu na pensheni. Aliyeandikwa kijijini alijilisha mwenyewe, tena akaiuzia serikali nafaka kwa bei iliyopangwa na serikali. Kuhama hakukuwezekana, kwa sababu mjini chakula kilipatikana kwa kuponi, na kuponi zilikuwa za watu wa mjini. Njaa kuu ilipoingia kati ya mwaka 1959 na 1961, watu walikufa kwa makumi ya mamilioni, na wengi wao walikuwa hao hao waliokuwa wakilima.

Ndipo nikufikishe Xiaogang, kijiji kimoja katika jimbo la Anhui. Mwishoni mwa mwaka 1978 wakulima 18 walikutana kwa siri, wakaandika mkataba wa kugawana mashamba ya pamoja, kila kaya ilime kipande chake, itoe fungu la serikali na kinachobaki kiwe chake. Jambo hilo lilikuwa kosa ambalo mtu angeweza kufungwa au kuuawa. Waliweka dole gumba kwenye karatasi. Na waliandika kwamba viongozi wao wakikamatwa, waliobaki watawalea watoto wao mpaka wafike miaka 18. Mwanangu, vitabu vyako vitakuambia mageuzi ya uchumi ya China yalianza kwenye mkutano wa Halmashauri Kuu ya Chama, Desemba 1978, na kwamba baba wa mageuzi hayo ni Deng Xiaoping, kiongozi wa China wa wakati ule. Deng anastahili heshima yake, maana aliacha jambo liende, na miaka michache baadaye ugawaji ule ukawa sera ya nchi nzima. Lakini mimi kama mzazi nawaona kwanza wale watu waliokuwa wakipangiana yatima kabla hawajakamatwa. Mageuzi yalitoka tumboni mwa watu wenye njaa, na wakubwa wakawa na busara ya kuyafuata.

Mavuno yalipoongezeka, mikono ikabaki bila kazi mashambani. Mwaka 1980 Shenzhen ikafanywa eneo maalumu la kiuchumi, mpakani mwa Hong Kong, na viwanda vikaanza kuota. Wasichana wa umri wako walishuka kwenye mabasi kutoka Sichuan, Hunan na Henan kushona nguo, kubandika soli za viatu, kuunganisha redio. Wazazi wao walikuwa wameachiwa ardhi, na wao wakaachiwa kwenda kutafuta kazi. Hukou peke yake haikuachiliwa. Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Mji uliwakubali kama nguvu kazi ukawakataa kama wakazi. Walilala bwenini kiwandani, watu wanane au kumi na wawili chumbani. Akiugua, akizaa, akizeeka, sharti arudi kijijini, kwa sababu haki zake zimeandikwa huko. Mwenye kiwanda alipata mfanyakazi ambaye gharama za kumlea na kumzeesha zilibebwa na familia ya mkulima.

Novemba 1993 kiwanda cha wanasesere cha Zhili, huko huko Shenzhen, kiliungua. Walikufa watu 87, karibu wote wasichana kutoka vijijini. Madirisha yalikuwa na nondo na milango mingine ilikuwa imefungwa ili wasitoke na bidhaa. Wanasesere wale walikuwa wakitengenezewa watoto wa Ulaya. Kila nikifungua boksi la mzigo huwakumbuka.

Na mji unaoishi wewe una kumbukumbu yake. Machi 2003 kijana aitwaye Sun Zhigang, mbunifu wa michoro mwenye miaka 27, mwenyeji wa Hubei, alitoka usiku kwenda kwenye duka la intaneti hapo Guangzhou. Polisi walimsimamisha, hakuwa na kibali cha kuishi kwa muda. Akapelekwa kwenye kituo cha kuwashikilia watu wa kurudishwa kwao, akapigwa, akafa siku chache baadaye. Alikuwa msomi mwenye ajira. Gazeti la Nanfang Dushi Bao likaichapisha habari hiyo, nchi ikachemka, wanasheria vijana wakaandika barua kwa bunge, na mwezi Juni serikali ya waziri mkuu Wen Jiabao ikafuta kanuni iliyoruhusu kukamata watu namna ile. Ule ulikuwa ushindi mkubwa. Mwaka uliofuata wakubwa wa gazeti hilo walifungwa kwa mashtaka ya rushwa, na wenzao waliona kuwa wanalipizwa kisasi.

Usidhani nawasema wenzetu tu. Wazee wa hapa Dar wanaikumbuka Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu wasio na kitambulisho cha kazi walipokamatwa barabarani na kusafirishwa wakalime. Kwetu ilidumu kidogo, watu wakarudi. China ilikuwa na uwezo wa kuufanya utaratibu huo udumu kwa miongo.

Sasa nirudi kwenye treni yako. Zile reli, madaraja na minara zilijengwa kwa fedha, na fedha hizo sehemu kubwa ilitoka ardhini. Ardhi ya kijiji China ni mali ya kijiji kwa pamoja, na mkulima hawezi kumuuzia mjenzi. Serikali ya mji huichukua, humlipa mkulima fidia ndogo, kisha huuza haki ya kuitumia kwa makampuni ya ujenzi kwa bei kubwa. Mwaka 2021 mauzo hayo yaliingiza zaidi ya trilioni 8 za yuan, fedha ya China. Mkulima alitoa ardhi, mtoto wake akaja kumwaga zege juu yake, na ghorofa lilipokamilika hakuwa na uwezo wa kulinunua wala kumwandikisha mwanawe shule ya jirani. Ndiyo maana kila Mwaka Mpya wa Kichina unaona mamia ya mamilioni ya watu wakisafiri. Wengi wanakwenda kuwaona watoto wao. Mwaka 2013 shirikisho la wanawake la huko lilikadiria watoto milioni 61 walioachwa vijijini, wazazi wote au mmoja wao akiwa kazini mbali. Hata waliobahatika kukua na wazazi mjini wengi hulazimika kurudi mkoani kwao kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, huku wenye hukou ya Beijing wakiwa na nafasi nyingi zaidi katika vyuo bora vya Beijing. Mimi nimewahi kukuacha kwa bibi yako nikiwa safarini, na unajua nilivyokuwa nikipiga simu. Hebu fikiria mama ambaye kwake hiyo ndiyo hali ya kila mwaka.

Umesoma uchumi, kwa hiyo hapa nifuate kwa makini. Mtu ambaye hana uhakika wa matibabu, shule wala uzee hufanya nini na mshahara wake? Anauficha. Mzee wa kijijini China hupata pensheni ya kama yuan 200 kwa mwezi, mwenzake aliyestaafu kiwandani mjini hupata elfu kadhaa. Kwa hiyo watu wanaweka akiba kwa hofu, na matumizi ya kaya zote yanakuwa kama asilimia 40 tu ya pato la taifa, wakati Marekani yanazidi theluthi mbili. Viwanda vinazalisha kuliko wananchi wanavyoweza kununua. Kinachozidi lazima kitoke nje. Tangu China ijiunge na Shirika la Biashara Duniani mwezi Desemba 2001, kimekuwa kikitoka kwa wingi, na mwaka 2024 ziada yake ya biashara ilikaribia dola trilioni moja. Unasikia Marekani ikiweka ushuru wa asilimia 100 kwenye magari ya umeme ya China, Ulaya nayo ikaweka wake, viwanda vya Brazil na Uturuki vikalalamika. Watu wanaizungumza kama vita ya mataifa makubwa. Nusu ya ugomvi huo mimi nauona umeanzia kwenye daftari la makazi la mwaka 1958. Bei nafuu ya bidhaa dukani kwangu, na taabu ya washonaji wetu wa hapa walioshindwa kushindana nayo, vinatoka kwenye chemchemi hiyo hiyo.

Akiba nyingi ya watu iliingia kwenye nyumba. Serikali ilipobana mikopo ya makampuni ya ujenzi mwaka 2020, mojawapo, Evergrande, yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, ikaanguka, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Familia zilizokwisha kulipia nyumba zisizomalizika zikabaki na magofu ya zege. Kazi za ujenzi zikapungua. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini ulifika asilimia 21.3, na baada ya hapo serikali ikaacha kutangaza takwimu hiyo kwa miezi kadhaa, ikarudi na hesabu mpya. Wale vijana wa pikipiki za umeme wanaokuletea chakula bwenini, wapishe barabarani na uwashukuru. Wengi wao ni watoto wa vibarua wa kizazi cha kwanza.

Utaniuliza mbona hawadai. Wanadai, mwanangu. Oktoba 2022, wakati wa vizuizi vya korona, wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha simu cha Foxconn huko Zhengzhou waliruka uzio wakatembea kwa miguu kurudi vijijini kupitia mashambani. Na mwaka 2018, Shenzhen, wafanyakazi wa kampuni ya Jasic walitaka kuunda chama chao cha wafanyakazi, wakafukuzwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking, waliolelewa kwa vitabu vya Marx, wakaenda kusimama nao. Walikamatwa. Katika nchi inayoongozwa na Chama cha Kikomunisti, vijana walikamatwa kwa kuwatetea wafanyakazi. Hilo linaniuma, na nataka nawe likuume, ila kwa sauti ya chini: wewe ni mgeni, uko kwa viza ya masomo. Sikiliza sana, andika kwenye daftari lako, usijiingize kwenye makundi ya simu ya siasa. Unakumbuka Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wa Guangzhou walivyotolewa kwenye nyumba walizopanga, wakalala nje. Mji ule unajua kumkumbusha mtu kwamba hajaandikwa pale.

Haya yote hayafuti waliyofanya. Benki ya Dunia inasema karibu watu milioni 800 wametoka kwenye ufukara kwa miaka arobaini, na sijui taifa jingine lililowahi kufanya hivyo. Kibarua wa Shenzhen alitumia nusu ya maisha yake bwenini, lakini kijijini kwao sasa kuna nyumba ya matofali, umeme na mtoto aliyesoma. Yeye mwenyewe angekuambia ilistahili. Ninachokataa ni pale unapomtaja Deng, unamtaja Xi Jinping, unaitaja treni, halafu yeye humtaji.

Kwa hiyo swali lako, tunakwama wapi, ningependa uligeuze: nani alilipia, na amerudishiwa nini? Viongozi wetu wanakwenda Beijing kwenye mikutano ya ushirikiano na Afrika, wanarudi na picha za reli. Tangu Desemba 2024 bidhaa za nchi maskini kama yetu zinaingia China bila ushuru, na ni jambo jema. Lakini atakayetaka kuiga viwanda vya Shenzhen hapa Kibaha au Bagamoyo lazima aulizwe wasichana watalala wapi na nani atalipia uzee wao.

Ulisema mwalimu wako anataka mada ya utafiti kabla ya likizo. Mwezi Julai 2024 serikali ya China ilitangaza mpango wa miaka mitano wa kuwafungulia hukou wahamiaji, miji ya chini ya watu milioni 3 iondoe masharti, mikubwa iendelee na mfumo wa kuwachagua waombaji kwa pointi. Vibarua kutoka vijijini wako karibu milioni 300. Tafuta ni wangapi hapo kwenye jimbo lako la Guangdong wameikubali hukou ya mjini na wangapi wameikataa kwa kuhofia kupoteza shamba. Walio kwenye vile vijiji vilivyomezwa na mji, karibu na chuo chako, watakueleza ukiwaendea kwa adabu na Kichina chako kizuri.

Pesa ya bweni nitatuma Ijumaa. Niandikie ukipata mada, na umpigie bibi yako.

Mama yako