Jumamosi: tunatia rangi wenyewe

Salaam aleikum mashoga zangu. Jumamosi baada ya adhuhuri tuko uani kwangu kama kawaida, na safari hii tunatia rangi vitambaa vya blanketi zetu za viraka.

Kila mtu aje na pamba tupu. Marekani (kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) ya Biashara Street yafaa sana. Muuzaji akikuapia kuwa ni pamba, chomoa uzi mmoja uutie moto: wa pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, hiyo ni polista, rangi yetu haitashika. Kitambaa kifuliwe nyumbani kwa sabuni na maji moto, dawa ya kiwandani itoke.

Maganda ya vitunguu ya kutolea rangi nimeshapata soko la Kongowea, gunia zima (wauzaji walinicheka sana). Shabu ninayo: gramu 15 hivi kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, ndiyo inayoishika rangi. Anayetaka kijani cha zeituni badala ya dhahabu aje na misumari yenye kutu. Manjano ya jikoni waachieni pilau. Hupendeza siku ya kwanza, halafu jua letu huila rangi hata hujamaliza kushona.

Leteni na leso kuukuu, hasa pindo zake. Sufuria ya rangi isirudi kupikiwa, tafadhali. Watoto wabaki kwa nyanya zao, maji yatakuwa yanachemka.

Aniandikie anayekuja kabla ya Alhamisi usiku, nijue nikaange mahamri mangapi.