Kwa vijana wetu mnaongoja jibu la Bwana

Wapendwa wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Tangu mwaka huu uanze mmenijia vijana kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lenu ni moja: "Mzee, kama Yesu anajua yote, mbona haniambii?" Mmoja wenu alikuwa amekwisha kutoa fedha ya ada kuwa sadaka kwa mtu aliyemwahidi kumfunulia ataolewa na nani na ataajiriwa mwezi gani. Sikumkemea, kwa maana alikuwa analia, lakini nimeona si vema kuendelea kunyamaza.

Someni Luka sura ya 5. Yesu alipofika ufukweni, wavuvi walikuwa wakiosha nyavu zao. Ninyi mliokulia kando ya ziwa letu mnajua maana yake: mvuvi aliyekesha akarudi na mtumbwi mtupu hutamani usingizi tu, na akishautoa wavu magugu, akausuuza na kuuanika, siku yake imekwisha. Isitoshe, aliyemwambia Simoni atweke mpaka kilindini alikuwa seremala wa Nazareti, akimwagiza mvuvi juu ya samaki, katika ziwa alilolizoea mvuvi huyo. Simoni hakuficha uchovu wake. Alisema wazi kwamba wamefanya kazi usiku kucha wasipate kitu, kisha akaongeza: "Lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Hakuambiwa idadi ya samaki, wala kwamba nyavu zitaanza kukatika, wala kwamba akirudi pwani ataacha vyote amfuate Bwana. Alionyeshwa mahali pa kushusha nyavu, basi.

Najua wapo watakaonijibu kwamba wao walizishusha na hawakupata kitu. Hao nawapeleka Bethania, kijiji cha Lazaro na dada zake, Martha na Mariamu. Dada hao walituma habari mapema kwamba ndugu yao ni mgonjwa, na Yesu akakaa siku mbili zaidi pale pale alipokuwa. Kisha, bila mjumbe wa pili kuja, akawaambia wanafunzi kwamba Lazaro amekufa. Alijua. Alipofika, maiti ilikuwa na siku nne kaburini, na Martha na Mariamu, kila mmoja kwa zamu yake, wakamwambia neno lile lile: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hakuwakaripia. Aliyejua kwamba muda si mrefu atamwita Lazaro atoke alisimama akalia pamoja nao, na kwangu mimi hilo ndilo linalonifanya nimtegemee, kwa kuwa kujua kwake hakumwondolei huruma.

Nami nilipokuwa na umri wenu nilikosa nafasi ya chuo, nikakaa miaka mitatu nikishona nyavu za baba mdogo, huku wenzangu wakiandika barua kutoka mjini. Nilifunga, nikaomba, nikauliza sababu. Mpaka leo sijaambiwa. Nilichokuwa nacho ni maagizo ambayo hayakuhitaji kufunuliwa upya: nimheshimu mama, nisiseme uongo kwenye mizani ya samaki, nimsamehe ndugu yangu aliyeniudhi. Hayo nayo, wanangu, ni uongozi wa Yesu, na mara nyingi tunaomba neno jipya ilhali la kwanza tumeliacha kando.

Simoni huyo huyo, aitwaye pia Petro, ufukweni tena baada ya kufufuka kwa Bwana, alikiri, "Bwana, wewe wajua yote." Punde akageuka, akamwona mwenzake, akauliza, "Na huyu je?" Ninyi hufanya hivyo kila mnapofungua simu usiku na kuona harusi na ajira za wenzenu. Bwana alimjibu kwamba hayo hayamhusu, amfuate tu.

Nawe uliyetoa ada, unajijua. Pita nyumbani kabla ya Jumapili. Wazee tumekaa tukaliongea jambo lako, na mama amesema usile huko utokako.

Mzee wenu wa kanisa