Kulwa, Daryl hafi Hispania

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Kulwa,

Mwangaluka, rafiki yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Nansio, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anashukuru kwa wale sato wa kukausha. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila nikifika kwenye hoja yenyewe, nami jambo hili nimelifikiria kwa muda mrefu. Mdogo wako anavuka na meli kesho, atakuletea. Isome yote mpaka mwisho ndipo unijibu.

Umesema Daryl wetu wa ile tamthilia ya mazombi atakufa kule Hispania. Umesema msimu wa nne wa The Walking Dead: Daryl Dixon ndio wa mwisho, tamthilia ikifungwa lazima iondoke na mtu mkubwa, na kati ya waliobaki hakuna anayemzidi Daryl. Halafu ukaongeza hoja iliyoninyima usingizi: kwamba Daryl hayumo kabisa kwenye vitabu vya katuni vya Robert Kirkman, alitungiwa televisheni tu, kwa hiyo hakuna maandishi yanayomlinda wala yanayomhukumu. Hilo la mwisho ni kweli tupu. Ndiyo maana nimelichukulia kwa uzito.

Lakini nimekaa na katuni upande mmoja na tamthilia upande wa pili, nikalinganisha vifo kimoja kimoja. Katuni ilianza 2003, ikaisha 2019 kwenye toleo la 193. Tamthilia mama ya televisheni, The Walking Dead yenyewe, ilianza Oktoba 2010, ikaenda misimu kumi na moja hadi Novemba 2022. Nilichokiona ni hiki: katika hadithi hii kifo hakifutwi, kinahamishwa. Aliyeandikiwa kufa kwenye katuni akinusurika kwenye televisheni, kifo chake kinabaki palepale kikimsubiri mwingine, kama deni la marehemu linavyobaki nyumbani mpaka mtu wa ukoo alibebe.

Mchukue Dale, mzee wetu wa kofia na gari lake bovu. Kwenye katuni ndiye aliyetekwa na wale wala watu, wakamkata mguu, wakamla mbele ya macho yake. Akawacheka, kwa sababu alikuwa ameshang'atwa na wao wamekula nyama yenye ugonjwa. Kwenye televisheni Dale alikufa mapema, msimu wa pili, kule kwenye shamba la Hershel. Mtu angedhani tukio la mguu limekufa naye. Halikufa. Lilimngojea Bob hadi msimu wa tano, akakatwa mguu, akacheka kicheko kilekile, na tukio likatokea walipofika kwenye kanisa la Padri Gabriel, kama ilivyo kwenye katuni. Unaona? Mtu amebadilika, mahali hapajabadilika.

Upanga wa Michonne ni hivyohivyo. Kwenye katuni yule adui anayeitwa Gavana aliutumia kumkata kichwa Tyreese nje ya uzio wa gereza walimokuwa wamejificha. Kwenye televisheni uzio ni uleule, Gavana yuleyule, upanga uleule, ila aliyepiga magoti ni mzee Hershel. Tyreese akaachiwa hadi msimu wa tano. Mshale wa Dwight uliompata Abraham jichoni kwenye katuni wakati anaongea ulihamia kwa daktari Denise, naye alikuwa katikati ya maneno. Vichwa vilivyowekwa kwenye miti mpakani mwa Wanong'onezi, wale maadui wanaovaa ngozi za mazombi, kwenye katuni vilikuwa vya Ezekiel, Rosita na wengine. Televisheni ikaweka vya Enid, Tara, yule kijana Henry na wengine. Siku ile hukula chakula cha jioni, nakumbuka.

Sasa nifike kwa Carol, maana kwake ndiko moyo wangu uliko. Kwenye katuni Carol ni mwanamke aliyevunjika, akaenda mwenyewe kujitoa kwa zombi pale gerezani, basi. Kule kambini Atlanta, mwanzoni, televisheni ilituonyesha mwanamke anayepigwa na mumewe Ed na kufua nguo kimya. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Hata sisi wawili tulikuwa tunamtazama Rick Grimes, steringi. Akaja Melissa McBride akaigiza kidogokidogo, kila msimu anaongeza kitu, mpaka akawa yule anayelipua tangi la gesi la Terminus, ngome ya wale wala watu, peke yake ili kuwaokoa wote. Miaka yote hiyo ni ya ziada, Kulwa. Kwa mujibu wa katuni mwanamke huyu alitakiwa awe amelala ardhini tangu gerezani. Leo yuko Hispania na Daryl, anazeeka mbele yetu. Mimi nikifikiria wanawake ninaowaona kila siku pale Mwaloni, walioanza kuanika dagaa wakiwa na alama za kipigo usoni na sasa ndio wanaopanga bei, siwezi kumtazama Carol kama mhusika tu.

Na deni lake lililipwa. Nani alilipa? T-Dog. Msimu wa tatu, humohumo gerezani, T-Dog akiwa ameshang'atwa alijitupa juu ya mazombi akawabana ukutani ili Carol apite. Najua utakachosema. Utasema T-Dog naye hayumo kwenye katuni, kwa hiyo huo ni ushahidi wako: asiye na kitabu ndiye anayebebeshwa deni la wengine, na Daryl naye atabebeshwa. Ni hoja nzuri, na ndiyo iliyonifanya nikeshe. Ila tazama alikolipia. Alilipia gerezani, kwenye jengo lilelile Carol alilotakiwa kufia. Deni halikumfuata hadi barabarani wala hadi mji wa Alexandria walikohamia baadaye.

Hapo ndipo tunapoachana mimi na wewe. Wewe unauliza kifo kitamwangukia nani. Mimi nauliza kwanza, kifo kipi bado hakijalipwa, na kiliandikwa wapi?

Kikubwa kuliko vyote kilichobaki ni cha Rick mwenyewe. Kwenye toleo la 192 Rick anafia chumbani kwa risasi za Sebastian Milton, yule mtoto wa kiongozi wa mji wa Commonwealth. Kwenye televisheni Rick aliondoka na helikopta 2018, hakuwepo Commonwealth kabisa, na Sebastian akafa kabla hajamgusa Grimes yeyote. Lakini risasi ya Milton ilipigwa. Pamela, mama yake Sebastian, alimlenga Maggie, binti wa Hershel. Judith, binti wa Rick, akajitupa mbele, ikampata yeye. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Milton kampiga Grimes, mji uleule, karibu na mwisho uleule! Hiyo haiwezi kuwa bahati. Ila Judith alipona, na Rick naye mwaka 2024, kwenye sehemu sita za The Ones Who Live, akarudi nyumbani na Michonne akiwa hai. Damu imemwagika, roho haijatoka. Deni lipo.

Na lipo Commonwealth. Haliko Ufaransa wala Hispania. Daryl akiwa ng'ambo ya bahari hakuna kifo kilichoandikwa kule cha kumwangukia, kwa sababu yale matoleo 193 ya Kirkman hayakuwahi kufika Ulaya. Ndiyo maana nasema hafi kule. Anayenipa hofu ni Ezekiel. Amekwepa miti ya Wanong'onezi, amekwepa saratani ya tezi ya shingoni, na mwisho tumemwacha akiwa gavana wa mji uleule ambao kiongozi alipaswa kuuawa ndani yake ili watu watulie. Mtu mwema, anayependwa, katikati ya watu wenye kinyongo cha matabaka. Kama watunzi watarudi Commonwealth hata kwa sehemu moja, tazama mlango wa chumba cha Ezekiel.

Utaniuliza habari za Glenn, najua, maana ndiye kidonda chetu. Glenn hakuhamishwa. Rungu la adui yao Negan lilimpata kwenye toleo la 100 mwaka 2012, likampata tena kwenye televisheni Oktoba 2016 kama lilivyo, na Abraham akaongezwa juu. Tulikuwa Nyegezi bado tunasoma, chumba kizima kimejaa wasichana, na dada mmoja mkubwa akasema steringi hafi, tulieni. Mwaka uliotangulia tulishahangaika naye kwa wiki kadhaa alipoanguka karibu na lile pipa kubwa la takataka, hata jina la mwigizaji wake, Steven Yeun, wakaliondoa kwenye orodha ya waigizaji ya mwanzo ili kutupoteza, kumbe alitambaa chini yake. Kwa hiyo tuliamini. Mimi naona Glenn hakuhamishika kwa sababu kila kilichofuata, hasira ya mkewe Maggie, vita na Negan, mpaka wawili hao kupelekwa pamoja New York kwenye Dead City, kimejengwa juu ya kaburi lake. Ukimwondoa yeye, nyumba inaanguka. Lori ni vivyo hivyo, alikufa gerezani pande zote mbili. Wako wachache wa namna hiyo, na hao nakuachia.

Lakini kuna waliobadilishana maisha yenyewe, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Kwenye katuni Sophia anaishi, anakua, anaolewa na Carl, mwana wa Rick. Kwenye televisheni alitoka kwenye ghala la Hershel akiwa zombi. Carl anaishi mpaka ukurasa wa mwisho wa katuni, mtu mzima, anamsomea binti yake kitabu. Kwenye televisheni aling'atwa na akafa msimu wa nane. Na Judith, ambaye katuni ilimuua akiwa kichanga mikononi mwa mama yake, ndiye televisheni iliyompa kofia ya baba na kaka yake. Nakuambia leo, na ulitunze: siku hadithi hii yote itakapofungwa kweli, sura ya mwisho itakuwa Judith mkubwa, na mtoto, na kitabu. Kiti cha Carl kiko wazi na yeye ndiye aliyesimama karibu nacho.

Kuhusu lile la kwamba wewe uko salama Ukerewe kwa kuwa ni kisiwa, kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya ziwa Afrika, na mazombi hawapandi meli: hapana, rafiki yangu. Rick alishasema mwisho wa msimu wa pili, baada ya kuificha siri ya daktari Jenner, kwamba wote wanao ugonjwa tayari. Hauhitaji kung'atwa. Kila anayekufa anaamka. Mzee akifariki usiku kwa malaria Bukindo au Ilangala, asubuhi kisiwa kina zombi lake, na Rugezi hakuna kivuko cha kuwatosha wote. Ningependelea Ukara, kadogo, watu wanajuana na wanajua nani anaumwa. Au ungerudi tu huku tukae wote juu ya mawe ya Bwiru, kwenye upenyo mmoja wa kulinda.

Sasa nataka jibu lenye ushahidi. Nitafutie kifo kimoja tu kilichohama mtu na kikahama na mahali pia. Kimoja kinatosha. Ukikipata nitakubali kwamba Daryl yuko hatarini Hispania na nitaanza kuomboleza mapema. Usinipe cha Andrea. Nimeshakiangalia, kwenye televisheni yeye alikufa mapema tu kule Woodbury, mji wa Gavana, na kile cha kwenye katuni, cha kung'atwa akimwokoa Eugene, bado namtafuta aliyekichukua. Kama una jina, hilo pia liandike.

Msalimie shemeji, na mwambie mwanao mkubwa asiangalie msimu wa saba mpaka amalize darasa la saba.

Rafiki yako akupendaye,
Sabina