Mbona taa mara nne kwa jino moja?

Mama mmoja aliyekuja kuziba gego alikuwa akihesabu. Tulipomaliza akauliza, "Daktari, umenimulika mara nne. Au taa yenyewe mbovu?" Tulicheka naye, ila swali lake tunaulizwa sana.

Kompoziti, ile dawa nyeupe ya kuzibia, haikauki kama rangi ya ukutani. Ni zege dogo. Kokoto zake ni unga laini sana wa kioo na silika, ambao kwa uzito mara nyingi hufika robo tatu ya mchanganyiko. Saruji yake ni resini, yaani plastiki ambayo bado ni uji, na iliyoenea zaidi ni Bis-GMA, ambayo Rafael Bowen wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1962. Peke yake ni nzito kuliko asali, kwa hiyo huzimuliwa kwa resini nyepesi ili ipokee unga wa kutosha. Kila chembe ya unga nayo hupakwa sileni, kemikali yenye mikono miwili: mmoja hushika kioo, mwingine resini. Bila hiyo kokoto zingeng'oka kadiri unavyotafuna.

Mafundi ujenzi husema zege halilali. Hili letu linalala, tena miezi mingi, ndani ya bomba lisilopitisha mwanga. Kinacholiamsha ni kamforikwinoni, kitu cha njano kinachotiwa kidogo mno. Hunasa mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 470 hivi, kikishirikiana na kemikali iitwayo amini kinazalisha radikali huru, yaani chembe zenye uchu wa kushikana na nyingine, na molekuli za resini zinaanza kushikana minyororo. Kwa sekunde 20 hivi, uji unakuwa jiwe. Hata taa kubwa ya kitini ina bluu ndani yake, ndiyo maana tunaisogeza pembeni tunapopanga dawa.

Tatizo ni kwamba mwanga huo hauzami mbali. Kompoziti ya kawaida tunaiweka tabaka la milimita 2 tu, basi. Ukijaza shimo refu kwa mkupuo mmoja, juu patagonga kama kigae na chini patabaki pabichi, na mgonjwa hatajua mpaka jino lianze kuuma. Isitoshe, molekuli zikishikana husogeleana, na dawa husinyaa asilimia 2 hadi 3 hivi. Kidogo, lakini kinatosha kuivuta kutoka ukutani mwa jino na kuacha ufa wa kupitisha bakteria. Zipo aina za kujazwa milimita 4 kwa mara moja. Tunazo, ila hatuzitumii kila mahali.

Shimo la mama yule lilikuwa na kina cha milimita 6 kasoro kidogo. Taa ya kwanza ilikuwa ya gundi inayoshikisha dawa kwenye jino, tatu zilizobaki za tabaka.

Na kuhusu kula: dawa imeshakuwa ngumu kabla hujashuka kitini. Subiri ganzi iishe tu, usije ukajing'ata shavu.